Mama M'Cikuru Anafunga Kinywa Ili Clé Iimbe

Mama M'Cikuru hasomi haraka, lakini masikio yake yanasoma kuliko macho ya watu wengi wa Ndosho, mutaa wa Goma. Njo maana yeye wa kwanza kujua kama ordinatere ya nyumba, ile kompyuta, inagonjwa. Ile Jumamosi asubuhi aliiwasha, ikapumua kama mutu anayepanda mulima na mufuko wa makaa ku mugongo, ikaonyesha picha yake, ikazima. Akaiwasha tena. Ikapumua, ikazima. Akavuta kiti, akaikala mbele yake uso kwa uso.

"Wewe," akaiambia, "usinifanyie hivyo. Uko na mali yangu mu tumbo."

Mali yenyewe ilikuwa nyimbo. Nyimbo mia mbili kumi na saba, zote ametunga yeye, zote ziko mu sauti yake mwenyewe, na hakuna hata moja iliyoandikwa fasi nyingine ku karatasi. Ordinatere ikifa, zinakufa nayo. Yeye alilijua hilo bila mutu kumueleza, kwa sababu lilishamupata mara moja.

Huyu M'Cikuru ni mwanamuke wa miaka sabini na mbili, mufupi, mwembamba, anatembea kama amechelewa misa hata akienda kununua chumvi. Baba yake Cikuru alikuwa katekista kule Kabare, upande wa Bukavu. Kwao binti anabeba jina la baba na hiyo M' mbele, na yeye hakubali aitwe kingine. Mu masomo alifika darasa la pili. Alipotaka kuingia la tatu mama yake alizaa mapacha, wakamutoa abebe mumoja. Mpaka leo anasoma silabi kwa silabi, kidole chini ya neno, na ukijaribu kumumalizia neno atakuangalia mpaka unyamaze.

Lakini alipokuwa na miaka kumi na tisa, akipepeta maharagi, wimbo ulimuingia muzima, kichwa na mikono na miguu. Aliwafundisha wenzake wa korali, ni kusema kwaya, na Siku ya Mungu, Jumapili, ukaimbwa mu kanisa. Misa ilipokwisha watu wakauliza nani ametunga. Mumoja akasema padri. Mwingine akasema lazima mwalimu wa kule seminari. M'Cikuru akasimama mu benchi, akasema: "Ni mimi." Wakacheka. Akaimba wimbo wa pili pale pale, uliokuwa haujasikiwa na mutu, na hakuna aliyecheka tena. Tangu ile siku hajawahi kumuomba mutu ruhusa ya kutunga.

Bwana yake Bagalwa, aliyekuwa commis, karani, mu nyumba moja ya transit ya kupitisha mizigo hapa Goma, njo aliyekuwa anamuandikia nyimbo mu kaye, daftari za masomo. Zilifika arobaini na nane. Mwaka wa 2002 volkano ikashuka mpaka katikati ya muji, wakakimbia na watoto, kila mumoja na kafurushi kake, na sufuria moja, na kaye zikabakia mu nyumba. Waliporudi, fasi ya nyumba ilikuwa jiwe jeusi lenye moshi. Yeye na korali yake waliikala mwaka muzima wakitafuta nyimbo mu vichwa vyao. Walipata thelathini na tisa. Zile tisa hazikurudi. Nyumba walijenga nyingine, huku Ndosho, na hakuililia sana ile ya kwanza. Nyimbo tisa anazililia mpaka leo. Wakati mwingine anaosha sahani, kamukia ka wimbo kanapita mu masikio, anageuka haraka kukashika, kamekwenda.

Njo maana Bagalwa, mbele ya kufa, alinunua ordinatere iliyotumika, ile kubwa yenye sanduku pembeni. Ange, mutoto wao wa mwisho, akaanza kushika sauti ya mama yake mu telefone, wimbo kwa wimbo, na kuiingiza mu mashini. Miaka kumi na moja walifanya vile. Mama akiimba, Ange hapumui. Jogoo akiwika, wanaanza upya.

Basi ile Jumamosi, Ange alipofika na kusikia ile pumzi ya ordinatere, alimuita bwana yake.

Bwana yake ni Olivier Habumugisha, wa familia ya Rutshuru, mutengenezaji wa ordinatere, mwenye kaduka kake na mikono isiyotetemeka. Ni mutu muzuri, hata M'Cikuru anasema. Anasema kwa Ange. Kwa Olivier mwenyewe hasemi, kwa sababu vile alilelewa kwao, mama-mukwe na mukwe hawabishani uso kwa uso. Hamuiti jina, na neno likiwa na uzito linapita kwa binti. Olivier yeye alilelewa namna nyingine. Anamuita "mabukwe", ni kusema mama-mukwe mu luga ya kwao, na anamutania. Miaka tisa ya ndoa, M'Cikuru hajawahi kutamka jina lake. Ange amekuwa sawa radio katikati ya watu wawili walioikala chumba kimoja.

Olivier alifungua, akabonyeza, akatikisa kichwa.

"Mabukwe, hii mashini iko na virusi mpaka ku mifupa. Haina dawa. Lazima kuformater."

M'Cikuru akageukia binti yake. "Ange, uliza bwana yako kuformater ni nini."

"Mama, si huyu hapa? Anakusikia."

"Uliza."

Ange akapumua. "Olivier, kuformater ni nini?"

"Ni kufuta yote yenye iko ndani," Olivier akajibu akicheka. "Tunaifanya sawa parcelle, kiwanja chenye wametoa majani yote. Kisha tunapanda mupya."

"Ange, mwambie ndani ya parcelle yangu haiko majani tu."

"Najua, mabukwe! Kwanza nyimbo zinatoka, zinaingia mu clé. Halafu njo tunafuta. Kisha nyimbo zinarudi mu nyumba safi. Hata wimbo mumoja hautapotea. Hiyo njo kazi yangu ya kila siku."

Akatoa clé mu mufuko wa shati, kadude kadogo ka kubebea faili, kama kidole cha mutoto, akakachomeka mu sanduku la ordinatere. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale. Ange alikuwa ameweka maji ya chai ku mbabula ya makaa, na hayajaanza hata kulia, Olivier akasema: "Voilà."

M'Cikuru akaangalia maji. Akaangalia clé.

"Ange, uliza bwana yako kama amemaliza."

"Amemaliza, mama."

"Deux cent dix-sept? Mia mbili kumi na saba?"

"Toutes, zote," akajibu Olivier. "Angalia, mabukwe. Nafungua clé. Unaona? Hii njo faili yako ya nyimbo, na jina lake. Nabonyeza. Unaziona zote? Chagua moja."

M'Cikuru akaweka kidole ku kioo bila kuchagua, Olivier akabonyeza pale. Sauti yake ikajaa nyumba, ile sauti ya miaka kumi iliyopita yenye haikuwa na kikohozi ndani. Ange akapiga makofi. Olivier akafungua mikono kama padri ku altare.

"Umesikia? Inatoka mu clé kabisa."

Alisikia. Lakini alikuwa ameona kitu pia. Mutu asiyesoma haraka anaangalia alama, na ile picha ya faili mu clé ilikuwa na kamushale kadogo ku pembe, chini, mukono wa kushoto.

"Ange, kale kamushale ni ka nini?"

"Ni dessin tu, kapicha, mabukwe," Olivier akajibu bila kugeuka. Alikuwa amekwisha kurudi ku kazi. Ku kioo kulitokea maneno na vifungo viwili, na kidole chake kikaenda juu ya kile cha kukubali kufuta.

Kilichomujia M'Cikuru wakati ule kilikuwa uso wa mutu. Uso wa Viateur.

Viateur alikuwa tenor mu korali yake kwa miaka miwili. Mutu murefu, suti nzuri, kinywa wazi kabisa, macho juu. Kila mutu alimusifu. Pembeni yake aliimba mwalimu mumoja mwenye sauti ya shaba. Siku moja ya Matawi yule mwalimu akagonjwa, hakuja. Korali ikaanza, zamu ya tenor ikafika, Viateur akafungua kinywa, na hakukutoka kitu. Upepo tu. Kumbe miaka miwili alikuwa anafuata mwenzake nyuma kidogo, nusu ya neno, kama mutu anayetembea mu giza ameshika shati ya mwingine. Tangu ile siku M'Cikuru ana sheria moja, na haijawahi kuvunjwa: mwimbaji mupya akisema amejua wimbo, wote wanafunga kinywa, yeye mwenyewe pia, na yule anaimba peke yake. Akiimba pamoja na anayejua, hiyo si kujua.

"Olivier!"

Ilitoka kama kofi. Olivier akaruka ku kiti. Ange akaacha kikombe kianguke.

"Olivier, toa mukono pale."

Hata ordinatere ilionekana kupumua polepole.

"Mama," Ange akasema, "umemuita jina?"

"Nimemuita. Analo, si analo? Olivier, sikia. Ule wimbo umetoka mu clé ao mu ordinatere?"

"Mu clé, mabukwe. Nimekuonyesha."

"Umenionyesha mu ordinatere yangu. Clé iko ndani yake, imeshikana nayo. Vyote viwili vinaimba pamoja. Nitajuaje nani anajua wimbo na nani anafuata? Nataka clé iimbe peke yake, fasi ordinatere yangu haiko."

Olivier akasimama. Masikio yake yalikuwa mekundu.

"Mabukwe, mimi niko na diplome. Nimetengeneza mashini ya watu wakubwa mu huu muji, na hakuna aliyenifanyia interro, mutihani kama mutoto wa masomo. Ange alishanielezaka hadisi ya Viateur. Leo unanifananisha na Viateur?"

"Sikufananishi wewe. Nafananisha clé."

"Mama, unamufezehesha bwana yangu!"

"Nani ameona? Tuko watatu na mbabula."

"Bon," Olivier akasema, akichukua kofia yake. "Watu wananingoja ku duka. Lakini ujue: hii mashini inaweza kuzima sasa hivi na isirudi tena. Wakati unatafuta fasi ya kufanya examen, nyimbo zitakufia mu mikono."

Neno hilo lilimupata. Lilifika fasi ile ile zile tisa zinaikala. Lakini M'Cikuru akiogopa hapunguzi mwendo, anaongeza. Alinyoosha mukono, akavuta clé mu mashini.

"Mama! Haitolewake hivyo!"

"Imetoka." Akaifunga mu ncha ya kitenge chake, mafundo mawili. "Na musiguse kitu. Ange, ikala mbele ya hiyo ordinatere. Mutu akikaribia, piga kelele."

Akatoka. Parcelle tatu mbele, mu kibanda cha mbao chenye kuta zimejaa matangazo ya photocopie, anafanya kazi Moïse, mutu wa upara, mwimbaji wa zamani wa basse mu korali, aliyeacha kuimba alipooa na bado anajificha akimuona M'Cikuru. Siku hiyo hakupata fasi ya kujificha.

"Mama wa korali! Karibu. Nilisema nitakuja ku répétition, ku mazoezi, ni kazi tu..."

"Umesema hivyo tangu padri wa mbele ya huyu. Chomeka hii."

Moïse akachomeka. M'Cikuru akasogeza kichwa mpaka upara wa Moïse ukasikia pumzi yake. Ku kioo picha moja tu ilitokea, na jina lake, na kale kamushale.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Hakukuja nyimbo. Kulikuja kasanduku keupe na maneno ya Kifaransa. M'Cikuru akaweka kidole chini ya neno la kwanza, na Moïse akanyamaza, maana anamujua. Silabi kwa silabi akafika mwisho, akashika neno moja tu.

"In-trou-va-ble. Ni kusema nini hapa?"

"Kusema kile inatafuta haikionekani, mama."

"Nyimbo ziko ndani?"

"Hamuna hata moja. Hii inaitwa raccourci. Ni kama kibao cha njia tu. Kinakuonyesha mulango wa faili, kule mu ordinatere yako. Ukiwa kule, unabonyeza, mulango unafunguka, unadhani uko mu clé. Ukiondoka kule, kinakuonyesha ukuta."

M'Cikuru akaikala ku karton ya karatasi. Alikuwa amepata kweli, lakini furaha haikuja. Kilichokuja ni kile kidole cha Olivier, vile kilikuwa juu ya kifungo, upana wa jani tu. Miaka kumi na moja. Sauti yake isiyo na kikohozi. Wimbo aliotungia mazishi ya Bagalwa, na ule wa Ange alipozaliwa. Jani moja tu.

Kivuli kikaingia mulangoni. Olivier alikuwa amemufuata. Alikuwa amesikia yote, na uso wake ulikuwa wa kijivu kama maji ya majivu.

"Ni mimi," Ange akasema nyuma yake, kwani naye alikuja, hakuna aliyebakia kulinda. "Ni mimi nilitengeneza kale ka raccourci ku kioo, ili mama apate nyimbo haraka. Olivier akadhani njo faili yenyewe."

Moïse akaanza kucheka, tumbo likiruka. "Eee fundi! Yaani umekopia mushale! Ndosho yote itasikia leo! Diplome imekopia mushale!"

"Moïse," M'Cikuru akasema. "Funga kinywa."

Moïse akafunga.

Sasa, M'Cikuru angeweza kuipeleka ile habari mpaka ku rond-point, fasi njia zote zinakutana. Angeitungia hata wimbo, na ungeshikwa na watoto mbele ya jua kushuka, na Olivier angehama duka. Alijua uwezo wake. Alisimama, akajikunguta kitenge, akaenda mpaka mbele ya mukwe wake.

"Mabukwe, unisamehe," Olivier akasema. "Nilikuwa nafuta. Kama haungeita..."

"Hukufuta. Olivier, twende nyumbani. Ordinatere ingali inapumua."

Walirudi haraka, yeye mbele.

Kazi ya kweli ilichukua mchana wote, na hapo M'Cikuru alikubali kama hiyo ni kazi. Olivier alipata faili yenyewe ndani kabisa, akaanza kuivuta, na ku kioo kukatokea mustari wa kijani uliotembea polepole kama mugonjwa anayejifunza miguu. Hiyo njo mwendo wa vitu vyenye uzito, M'Cikuru akasema, si ile voilà ya asubuhi. Mara mbili courant ya umeme ilikatika. Mara tatu ordinatere ilipata joto, ikazima yenyewe. Olivier akafungua sanduku ubavuni, na M'Cikuru akaenda jikoni, akaleta lungo lake la kupepetea, akaanza kuipepea ndani.

"Mabukwe, pole pole, vumbi!"

"Vumbi gani? Hili lungo ni safi kuliko mashini yako. Endelea."

Haikuzima tena. Alipepea mpaka mukono wa kuume ukachoka, akahamia wa kushoto. Ange akataka kumupokea, akakataa.

Mustari ulipofika mwisho, Olivier akasema: "Mabukwe, clé moja haitoshi. Ku masomo walitufundisha: tatu. Na zisiikale fasi moja."

M'Cikuru akaacha kupepea.

"Walikufundisha ku masomo? Mimi nilifundishwa na lava. Tulipokimbia, kila mutoto nilimufunga shuka lake, na unga wake, na kuni zake. Yule aliyepotea njia siku mbili hakulala na njaa. Kaye zote nilikuwa nimeziweka mu kabati moja." Akahesabu ku vidole. "Tatu. Moja hapa. Moja kwa Mukantwari kule Kibati, alto wangu, hawezi kupoteza hata sindano. Moja Bukavu, kwa mudogo wangu Bashige. Moto ukitoka huku, hautavuka ziwa kwenda kule."

"Njo vile vile kabisa wanasema," Olivier akajibu, na safari hii hakucheka. "Kwa maneno mengine tu."

Lakini clé tatu zilipojaa, bado alikataa kifungo cha kufuta kibonyezwe. Jumatatu na Jumanne, tangu Moïse hajafungulia wateja, alikuwa ameikala mu kibanda chake na sahani mbili mbele. Mu moja kulikuwa maharagi mia mbili kumi na saba, amehesabu mwenyewe.

"Mama, ordinatere inaandika chini idadi yake," Moïse akajitetea. "Deux cent dix-sept. Angalia."

"Viateur naye alikuwa ku liste ya korali."

Kila wimbo uliopigwa na kuimba, haragi moja lilihama sahani. Hakusikiliza yote mpaka mwisho, lakini alisikiliza mpaka neno lenye alilijua kama gumu, na pale akitikisa kichwa, haragi linakwenda. Watu waliokuja kwa photocopie walingoja nje. Wengine waliingia wakabaki. Mama mumoja aliyeleta karatasi za kadasta, za kiwanja chake, alisikia wimbo wa harusi yake mwenyewe, akaanza kulia, akasema hakujua nani alitunga. "Ni mimi," M'Cikuru akamuambia, bila kutoa macho ku sahani.

Jumanne, saa tano, sahani ya kwanza ilibakia na haragi moja.

Moïse alibonyeza mara nne. Wimbo ulikuwa na jina, haukuwa na mushale, lakini ndani ilikuwa kelele tu, kama mafuta ya moto yamedondokewa na maji. Wakajaribu clé ya pili, ya tatu. Vile vile. M'Cikuru akarudi nyumbani kwake, Ange na Olivier wakaitwa, Olivier akakimbia, akafungua ordinatere ya nyumba. Hata kule ilikuwa kelele.

"Disque, ile kabati ya ndani, imeukula, mabukwe," akasema. "Si kukopia, ni disque yenyewe, tangu zamani. Nimejaribu dawa zote ninazojua."

"Ni upi?"

Ange akasoma jina. Ulikuwa ule wa chapelle, waliouimba siku walibariki kanisa lililojengwa juu ya lava, miaka kumi na miwili nyuma.

Wote watatu walijua hesabu ya zile tisa, na wote walifikiri kumi. M'Cikuru alikuwa ameangalia chini, na Ange akaenda kumushika bega. Alipofika karibu aliona mama yake halii. Midomo ilikuwa inatembea. Alikuwa anaimba ndani, tangu mwanzo, akipima.

"Ninao," akasema. "Wote. Ange, leta telefone. Olivier, zima hiyo radio ya jirani."

"Jirani, mabukwe?"

"Mwambie mama-mukwe wako anaimba."

Olivier akaenda. Radio ikazima. M'Cikuru akasimama katikati ya chumba, akakohoa mpaka kikohozi kiishe, akaanza. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko ya zamani, na pale juu ilipasuka kidogo, lakini haikuomba musaada. Ubeti wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Mu ubeti wa tatu akaimba:

*Tumejenga juu ya moto uliolala,
Baba, utulinde ukiamka.*

Alimaliza. Ange alisubiri mpaka pumzi ya mwisho, akazima telefone, na uso wake ulikuwa na swali.

"Mama. Si ilikuwa *juu ya mwamba ulio imara*?"

"Hiyo ilikuwa ya padri," M'Cikuru akasema. "Alisema moto si neno la kubariki nalo kanisa, niweke mwamba. Nilikuwa na miaka sitini, bado nilikuwa mutoto, nikaogopa. Miaka kumi na miwili nimeimba mwamba, na kila mara mudomo unaniuma. Mwamba gani? Kila mutu wa hapa anajua tumeikala juu ya nini. Ile yenye mwamba imekuliwa. Hii njo wimbo."

"Na korali inajua mwamba, mama. Watu wote."

"Watajifunza. Alhamisi, saa kumi, mumoja mumoja."

Olivier alikuwa amesimama mulangoni, kofia mu mukono. Akaja, akachukua telefone, akaichomeka mu ordinatere, na kabla hajabonyeza kitu akageuka.

"Mabukwe, niandike jina gani? Lile lile?"

"Lile lile. Na uandike jina langu nyuma yake, na herufi zote. M, na kale kamukia juu, kisha Cikuru."

Akaandika. M'Cikuru akaweka kidole ku kioo, silabi kwa silabi, akasoma jina la baba yake mpaka mwisho. Wimbo ukaingia mu clé zote tatu, ukaimba peke yake kwa Moïse, haragi la mwisho likahama; halafu akawaambia sasa wanaweza kufuta.